Kilima Nilichoandika Hakina Kitu

Haya ni maneno niliyowaambia walimu, wanafunzi wa klabu za mazingira na wazazi waliokuja kutusikiliza hapa Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Wanafunzi, nawaona mmebanana kule nyuma juani. Sogeeni huku kivulini, sina haraka.

Nimeombwa nizungumze juu ya mmea mmoja ulio adimu. Najua wengi mlitegemea nichague wa Usambara, na mngekuwa na haki, maana milima ile imejaa mimea isiyoota penginepo duniani. Lakini nimechagua wa mbali. Nimechagua ua la manjano liitwalo amancay, linaloota kwenye vilima vya pwani ya Peru, kuuzunguka mji wa Lima. Nimelichagua kwa sababu nililidharau kabla sijaliona, na jambo hilo halijanitoka moyoni.

Miaka ya nyuma mume wangu alikuwa na kazi ya meli, tukaishi mwaka mmoja na ushee Callao, bandari ya Lima. Tulikuwa na jirani, mama mtu mzima, aliyenichukua kama mdogo wake. Siku moja ya Februari, ambayo kwao ni katikati ya kiangazi, alinipeleka kwa ndugu zake Mangomarca, katika wilaya ya San Juan de Lurigancho. Nyuma ya nyumba za mwisho kabisa kuna vilima, tukapanda. Jua lilikuwa la kuchoma. Vumbi, mawe, mchanga wa rangi ya chungu kilichovunjika, mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mawe. Jani hata moja sikuliona. Nilikuwa na daftari langu la mwalimu wa baiolojia, na jioni nikaandika humo: "Kilima kikavu. Hakuna kitu." Yule mama akaniuliza nimeandika nini, nikamweleza. Hakukasirika. Alisema tu, "Ngoja Juni, mdogo wangu."

Juni akanirudisha. Tulipanda njia ileile, na sikuitambua. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu aliyetangulia hatua ishirini ulimsikia sauti tu. Nywele zetu zilijaa matone. Ardhi ilikuwa imeota kuvu ya kijani, ile laini kama zulia inayoshika mawe yenye unyevu, na majani membamba, utelezi mtupu. Halafu, katikati ya mawe yaleyale niliyoyakanyaga Februari, yalikuwa yamesimama maua ya manjano. Manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Moja hapa, matatu pale, na kwenye mteremko wa mbele mengi hata ukungu wenyewe ulionekana kama umetiwa rangi. Nikakumbuka daftari langu, nikaona aibu.

Sasa niwaambie yalikuwa wapi Februari. Yalikuwa chini ya miguu yangu.

Amancay ni mmea wa tunguu. Ninyi mnaijua jamaa hii kuliko mnavyodhani, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu vya jikoni kwa mama vimo katika familia hiyohiyo ya mimea. Mkikata kitunguu mkaona yale magamba yaliyofunikana, mjue ile ni ghala: vitako vya majani vilivyonenepa kwa chakula na maji. Ndani kabisa mna chipukizi lililolala. Kitunguu kilichosahauliwa kabatini huchipua bila ya kumwagiwa tone, na nyumba gani hapa haijawahi kuliona hilo? Amancay imeyajenga maisha yake yote juu ya uwezo huo. Miezi mingi ya mwaka haina jani wala shina juu ya ardhi. Inangoja.

Inangoja nini? Hapa itabidi tukae kidogo, maana pwani ile ni ya ajabu, na bila ya kuielewa hamtalielewa ua.

Lima iko kwenye latitudo ya 12 kusini. Chukueni ramani: ni kusini kidogo tu ya Mtwara. Kwa hesabu hiyo ungetarajia minazi, mikorosho, na mvua ya kufurikisha mitaro. Hapa Tanga tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Lima haipati hata 20. Ni jiji la watu wapatao milioni 10 lililojengwa jangwani, na jangwa lenyewe limepakana na bahari.

Kosa si la nchi kavu, ni la bahari. Mkondo wa Humboldt huleta maji baridi kutoka kusini, na pepo zinazoambaa na pwani huyasukuma maji ya juu mbali na nchi, yakapanda mengine baridi zaidi kutoka kilindini. Mtu aliyezoea kuogelea hapa Raskazone akiingia bahari ya Callao mwezi wa Julai atatoka mbio. Bahari hiyo huipoza hewa iliyo juu yake, wakati juu zaidi kuna hewa ya joto iliyotulia kama kifuniko juu ya sufuria. Mvuke hauwezi kukipita kifuniko ukawa mawingu marefu ya mvua, kwa hiyo hutandaa. Kuanzia kama Mei au Juni hadi Oktoba, Lima hukaa chini ya wingu moja la kijivu ambalo wenyeji wanaliita tumbo la punda. Linatoa manyunyu membamba yaitwayo garúa, ambayo hata mwavuli mtu hafungui. Kule bondeni huloanisha barabara tu. Lakini wingu hilo likisukumwa na upepo kutoka baharini likagonga vilima, baina ya mita 200 hivi na 800 juu ya bahari, linanasa. Kila jiwe na kila mwiba unakamua tone lake. Vilima vinavyoamka kwa ukungu huo wao wanaviita lomas.

Ndugu zangu wenye jamaa Omani watanielewa upesi. Waliofika Salala wakati wa harifu, msimu wao wa ukungu, wameona vilima vya Dhofari vikigeuka kijani kwa ukungu wa bahari huku nyuma yake jangwa limetanda. Ni udugu wa mbali, lakini ni udugu.

Kwenye lomas haiamki amancay peke yake. Kuna bigonia za mwituni, kuna jamaa za viazi mviringo, kuna mti unaoitwa mito ambao ni ndugu wa mpapai, kuna konokono waliokuwa wamejifungia kwenye makombe yao miezi yote ya ukame. Mahali paitwapo Lachay, kama kilomita 100 kaskazini ya Lima, pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, eneo la hekta 5,070, na huko mtu anaweza kuviona vyote hivyo kwa utulivu. Walipanda hata mivinje huko, mivinje hii hii ya fukwe zetu, na vijiti vyake vyembamba vinachuja ukungu ukadondoka chini kama mvua.

Lakini amancay ndiyo inayopiga hodi mwanzoni mwa msimu. Manyunyu yakianza kushika, bua huchomoza na kubeba maua machache. Kila ua lina ncha sita za manjano zilizojikunja nje, na katikati kuna kikombe chenye mistari ya kijani kwa ndani. Kikombe hicho si petali. Ni vikonyo vya stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, vilivyoungana mpaka vikawa bakuli moja. Walimu wa baiolojia, mkiliona ua hili hata kwa picha, wapeni watoto walichore, kwa sababu muundo huu ukichorwa kwa mkono hausahauliki. Linanukia vizuri, harufu nyepesi. Na wiki chache tu, kwisha. Majani yanabaki yakifanya kazi ya kulijaza tunguu upya, kisha kiangazi kinarudi na kila kitu kinazama ardhini.

Jina amancay ni la Kikechua, lugha ya milimani, na watu wa Chile na Argentina wanaliita hivyohivyo ua lao jingine ambalo si hili. Wataalamu wa mimea Ruiz na Pavón, waliotumwa na mfalme wa Hispania na kufika Peru mwaka 1778, walilipa jina la kisayansi katika kitabu chao cha mwaka 1802 na kulihesabu miongoni mwa nargisi. Baadaye likahamishiwa penye jamaa zake, na leo linaitwa Ismene amancaes. Charles Darwin naye alipopita Lima mwaka 1835 aliandika kwamba vilima karibu na mji vimetandikwa kuvu na matuta ya mayungiyungi mazuri ya manjano yaitwayo Amancaes. Nataka mlishike neno hilo: matuta. Hakusema ua moja moja.

Na watu wa Lima walilipenda, tena sana. Ng'ambo ya mto Rímac kulikuwa na uwanda ulioitwa Pampa de Amancaes. Kila tarehe 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mji mzima ulihamia huko: matajiri kwa farasi na magari ya kukokotwa, maskini kwa miguu, na watu wenye asili ya Afrika, waliopelekwa kule utumwani na vizazi vyao, wakiwa mstari wa mbele kwa ngoma na kwa mapishi. Mchoraji Mjerumani Rugendas aliichora sherehe hiyo mwaka 1843. Mwaka 1927, chini ya Rais Leguía, serikali iliipa hadhi rasmi na mashindano ya muziki yakaanzishwa. Jioni watu walirudi mjini wamejipamba maua ya manjano kofiani, vifuani, shingoni mwa farasi.

Picha hiyo ni nzuri, nami sitaki kuiharibu. Lakini fikirini: ua lililochumwa halifungi mbegu, na lililong'olewa na tunguu lake halirudi mwakani. Mbegu ya mmea kama huu huchukua miaka kadhaa mpaka iwe tunguu la kutoa ua. Mji mdogo unaweza kuchuma na kilima kikavumilia. Mwaka 1940 Lima ilikuwa na watu wasiofika 700,000. Halafu wakaja watu wa milimani kutafuta kazi, shule, hospitali, kama watu wanavyokwenda Dar es Salaam. Siwalaumu. Walihitaji mahali pa kulaza watoto, na ardhi ya bondeni ilikuwa na wenyewe. Uwanda wa Amancaes ukajengwa nyumba, sherehe ikafifia, na leo mtoto wa Rímac anaweza kukua mahali penye jina la ua asilolijua.

Nikikaa nikifikiri, naona wachumaji hawakuwa hatari kubwa kama neno moja. Neno hilo ni "patupu."

Nchi kavu ya Februari haina mtu wa kuitetea. Matapeli wa viwanja wanalijua hilo vizuri. Wanapanda kilimani wakati wa kiangazi, wakati hakuna cha kuonekana, wanachora vipande kwa chokaa, wanaweka mawe na vigingi, kisha wanamuuzia mama mwenye watoto watatu kiwanja ambacho si chao. Mama analipa, anainua kibanda cha mbao, na sasa yeye ndiye anayetukanwa kama mvamizi, huku aliyechukua fedha amekwenda kuchora kilima kingine. Zipo pia machimbo ya mawe, yapo malori yanayotupa kifusi usiku, zipo pikipiki za mashindano zinazokata miteremko mpaka mifereji inabaki. Wote wana jibu moja wakiulizwa: kwani hapa pana nini? Mimi nilikuwa nimeliandika jibu hilo hilo kwa kalamu yangu, na mimi nimesomea mimea.

Ndiyo maana nasema ardhi ya mmea wa tunguu ihukumiwe katika msimu wake. Ramani iliyopigwa Machi haifai kuamua habari za kilima kinachoishi Agosti. Hili si jambo la Peru tu. Hapa kwetu kuna lile ua jekundu la duara, kama mpira wa nyuzi, linalochomoza mvua zikianza, mara nyingi kabla hata ya majani yake. Nalo ni la tunguu, nalo ni la familia hiyohiyo. Vijana, mangapi mmeshayalima kwa jembe la kiangazi bila kujua?

Mwezi Desemba 2019 serikali ya Peru ilitangaza eneo la hifadhi la lomas za Lima, zaidi ya hekta 13,000 katika vipande kadhaa, na kilima cha Amancaes kimo. Nilifurahi nilipoisoma habari hiyo. Si vilima vyote vimo ndani ya mpaka, na mpaka wa karatasini haumzuii mtu mwenye ndoo ya chokaa. Kinachomzuia ni watu wanaoishi pale chini. Nimeona vikundi vya majirani ambao Jumamosi wanapanda na majembe kutengeneza njia moja ya wageni, ili watu wasikanyage ovyo. Huko Villa María del Triunfo wametundika nyavu kubwa za kunasa ukungu. Maji yanachuruzika kwenye bomba na kuingia kwenye matangi, yakamwagilie miche. Pachacámac, kwenye lomas za Lúcumo, wanakijiji wenyewe wanaongoza wageni msimu wa maua na kupata riziki kidogo. Mtu akishaona kilima kinamlisha, hawezi tena kuambiwa hakina kitu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuishia, lakini maswali yalikuwa mazuri kuliko hotuba.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliuliza: "Mwalimu, kwa nini wasiyachimbe matunguu yote wakayapande kwenye bustani, yawe salama?"

Nikamjibu hivi. Mwanangu, wamejaribu watu wa bustani wa nchi nyingi. Amancay haipendi kubembelezwa. Ukiipa maji wakati inataka ukame, tunguu linaoza. Ukiipa joto wakati inataka ukungu, inakataa kutoa ua. Wafugaji wa maua huko Ulaya waliichanganya na ndugu yake mweupe wa Peru, wakapata ua la manjano hafifu linaloitwa Sulphur Queen, na hilo linauzwa kwenye orodha za matunguu mpaka leo. Watu wengi wamelipanda mbele ya nyumba zao. Rangi ile imetoka kwenye vilima vya Lima. Lakini mtoto si mama. Kuweka machache bustanini kwa ajili ya mbegu ni jambo jema, nami naliunga mkono. Ila bustani haiwezi kumbeba konokono, na bigonia, na kuvu, na ule ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi. Ukihamisha ua ukakiacha kilima, umempa tapeli ruhusa uliyomnyima jana.

Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza: "Na yule mama yako wa huko, mngali mnasikilizana?"

Tunasikilizana, bibi. Kila Juni ananitumia picha kwenye simu, hata kama hatujaandikiana mwaka mzima. Hasemi mengi. Picha, na neno moja la salamu. Ya mwaka huu ilikuja asubuhi nikiwa darasani. Ni mteremko uleule, ninaujua kwa jiwe lake lililopasuka katikati. Kuna maua manne, yana matone, na nyuma yake ukungu. Nilipoikuza picha ndipo nikaona mstari mweupe wa chokaa unapita chini yake, kiasi cha hatua mbili hivi kutoka kwenye bua la kwanza, na pembeni ya mstari, kwenye tope, alama za viatu vya mtu aliyeufuta kwa mguu kutoka upande mmoja na bado hajafika mwisho.